Kufanya Mtihani Unaosimamiwa kwa Mbali Ukiwa na Mahitaji Maalumu: Mwongozo kwa Mtahiniwa wa Dodoma

Mtahiniwa mwenye ulemavu aliyesomea Tanzania huwa amezoea utaratibu wa Baraza la Mitihani. Shule humwombea, karatasi za maandishi yaliyokuzwa au za nukta nundu huletwa kituoni zikiwa tayari, na muda wa nyongeza unajulikana na kila msimamizi: dakika 20 kwa kila saa katika somo la Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Yeye mwenyewe anachotakiwa ni kufika. Mtihani unaosimamiwa kwa mbali, yaani ule unaoufanyia chumbani kwako huku mtu aliye katika nchi nyingine akikutazama kupitia kamera ya kompyuta, hauna mwalimu mkuu wa kukuombea. Kila jambo linalokuhusu litajulikana kwa sababu wewe umeliandika, na lisipoandikwa halitakuwapo siku ya mtihani.

Ninaandika nikiwa mtu mwenye ualbino na uoni hafifu ninayeishi Nkuhungu, ambaye nimefanya mitihani ya aina hii na kisha nikakaa na wadogo zangu kadhaa wa vyuo vya hapa mjini walipokuwa wakijiandaa kwa mitihani ya Kiingereza, ya kujiunga na shahada za uzamili nje ya nchi na ya vyeti vya teknolojia. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na barua iliyoniidhinishia nyongeza ya nusu ya muda, lakini nilibonyeza kitufe cha kuanza bila kutazama saa iliyokuwa kwenye skrini, na saa hiyo ilikuwa ya muda wa kawaida. Nilipomwandikia msimamizi alijibu kwamba mtihani ukishaanza yeye hana uwezo wa kubadilisha muda. Niliacha maswali tisa bila kuyagusa. Sehemu kubwa ya yale ninayoyaeleza hapa nimejifunza kutokana na siku ile na wiki nilizozitumia baadaye kuandikiana na watoa mtihani.

Neno «marekebisho» katika mwongozo huu lina maana ya kila badiliko linalofanywa ili mtahiniwa mwenye ulemavu au maradhi apimwe kwa kile anachokijua: muda wa nyongeza, mapumziko ya ziada, maandishi makubwa, ruhusa ya kuwa na dawa mezani, mawasiliano ya maandishi badala ya sauti, na mengine ya namna hiyo.

Kwanza amua kama nyumbani ndipo panapokufaa

Watu wengi huchagua mtihani wa nyumbani kwa sababu ya gharama ya safari, na sababu hiyo ni ya kweli. Hata baada ya treni ya mwendokasi kuanza kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar es Salaam kwenye kituo cha mtihani bado kunadai nauli, mahali pa kulala na mara nyingi mtu wa kukusindikiza. Hata hivyo, yapo marekebisho ambayo ni magumu kutolewa kwa mbali. Mtu wa kukusomea maswali, mtu wa kukuandikia majibu na mkalimani wa lugha ya alama ni binadamu wa pili ndani ya chumba ambacho kanuni zinataka kiwe na mtu mmoja tu, kwa hiyo watoa mitihani wengi humwelekeza mtahiniwa wa namna hiyo kwenye kituo. Anayetumia programu ya kusoma skrini kama JAWS au NVDA anapaswa kuuliza mapema zaidi kuliko wengine wote, kwa kuwa mitihani hii huendeshwa ndani ya kivinjari kinachozifunga programu nyingine zote kwenye kompyuta, na programu inayokusomea inaweza kufungwa pamoja nazo.

Kwa upande mwingine, nyumbani pana faida ambazo kituo hakiwezi kukupa. Meza ni ya urefu ulioupima mwenyewe, mwanga ni wa taa unayoijua, choo kinaingilika kwa kiti chako cha magurudumu, na mwenye wasiwasi mkubwa hakai katikati ya watu asiowafahamu. Pima mambo hayo kwa hali yako mwenyewe. Jirani yako akiwa amefanyia nyumbani na kufaulu, hilo si ushahidi kwamba panakufaa na wewe.

Hatua ya kwanza: omba marekebisho kabla ya kulipia tarehe

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtahiniwa kulipia mtihani, kuchagua tarehe, na ndipo kuanza kutafuta namna ya kuomba nyongeza ya muda. Kwa mitihani mingi mpangilio ni kinyume chake: unaomba, unasubiri idhini, kisha unapanga tarehe, na mara nyingine tarehe yenyewe haipangwi kwenye tovuti ya kawaida bali kwa kuwasiliana na kitengo kinachoshughulikia watu wenye mahitaji maalumu. ETS, taasisi ya Marekani inayotoa TOEFL (mtihani wa Kiingereza) na GRE (mtihani wa kujiunga na shahada za uzamili), inataka idhini ipatikane kwanza, na waombaji wake wanaelekezwa watarajie uhakiki wa nyaraka wa takribani wiki 4 hadi 6 baada ya nyaraka zote kufika. Ukijumlisha muda wa kupata ripoti hospitalini na muda wa kujibu maswali yatakayorudi, miezi mitatu kabla ya siku unayoitaka si mapema mno. Ikiwa chuo unachoomba kina tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, hesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Usione haya kuomba. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu Wamarekani wenye ulemavu inawataka wanaotoa mitihani ya kujiunga na elimu ya juu au ya kupata leseni waitoe kwa namna ambayo mwenye ulemavu anaweza kuifikia, na kwamba nyaraka wanazozidai ziwe za kiasi kinachofaa. Tanzania nayo ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Wewe huombi kupunguziwa mtihani. Maswali ni yale yale na alama zinahesabiwa kwa namna ile ile.

Omba kila unachokihitaji, na ukitaje kwa kipimo. Badala ya kuandika kwamba unahitaji muda zaidi, andika kama ni robo, nusu au mara mbili ya muda wa kawaida. Ukiomba mapumziko, eleza ni mara ngapi, ya dakika ngapi, na kama unahitaji saa ya mtihani isimame wakati wa mapumziko. Jambo hili la mwisho lina uzito ambao wengi hawauoni: mapumziko ambayo saa haisimami yanakatwa kwenye muda wako wa kujibu, na kwa mwenye kisukari anayelazimika kupima sukari au mwenye maumivu ya mgongo anayelazimika kunyoosha mwili, hiyo ni hasara tupu. Mtihani wa GRE, kwa mfano, ulifupishwa Septemba 2023 ukawa wa saa 1 na dakika 58, na kwa kufupishwa huko haukubakiwa na mapumziko ya katikati, kwa hiyo anayeyahitaji ni lazima ayaombe kama marekebisho.

Kisha yafikirie mambo ya kamera, ambayo fomu nyingi hazikuulizi. Sisi wenye ualbino macho yetu mara nyingi huchezacheza yenyewe, tunausogeza uso karibu sana na skrini, na mwanga mkali unatuumiza kiasi kwamba wengine huvaa kofia au miwani yenye giza hata ndani ya nyumba. Kanuni za kawaida zinakataza kofia na miwani ya giza, na programu zinazofuatilia mwelekeo wa macho zinaweza kuuchukulia mchezo wa macho kama dalili ya kuangalia pembeni. Mwenye mtetemeko wa mwili, mwenye kujisemea kwa sauti ndogo anaposoma, mwenye usonji anayejitikisa ili kutulia, na mwenye kifafa ambaye anaweza kupotelewa na fahamu kwa sekunde chache, wote wana tabia ya mwili ambayo mgeni anaweza kuitafsiri vibaya. Iandike katika maombi na uombe msimamizi ajulishwe kabla. Kiziwi naye aombe kwa maandishi kwamba maelekezo yote ya msimamizi yaje kwa ujumbe wa maandishi kwenye skrini.

Si kila kitu kinahitaji idhini. Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani ya vyeti na leseni, kwa mfano, ina orodha ya vifaa vya kumsaidia mtahiniwa ambavyo vinaruhusiwa bila maombi baada ya kukaguliwa kwa macho, vikiwemo vya kawaida kama kivuta-hewa cha mwenye pumu. Soma orodha ya mtihani wako mwenyewe. Kama kifaa chako cha kusikia kinaunganishwa na simu bila waya, kitaje hata kama kimo kwenye orodha, kwa sababu msimamizi anaweza kukishuku.

Hatua ya pili: ripoti ya daktari yenye maelezo ya kutosha

Barua ya mistari miwili inayothibitisha kwamba fulani ni mgonjwa wa kliniki ya macho haitoshi, na kitambulisho cha mtu mwenye ulemavu peke yake hakitoshi pia. Anayeisoma ripoti huko ng'ambo hajakuona na hatakuona, kwa hiyo anatafuta mambo manne: hali uliyonayo kwa jina la kitaalamu, vipimo vilivyoithibitisha na tarehe yake, namna hali hiyo inavyokuzuia katika kusoma, kuandika, kukaa au kusikiliza, na marekebisho ambayo mtaalamu anayapendekeza kwa sababu ya vizuizi hivyo. Madaktari wetu huandika vizuri mambo mawili ya kwanza na kuyaacha mawili ya mwisho, si kwa uzembe bali kwa kuwa hakuna aliyewaeleza ripoti ni ya nini.

Nenda na karatasi uliyoandika mwenyewe inayoeleza mtihani una saa ngapi, unafanywaje, na ni kitu gani kinachokushinda. Iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, au Mirembe kwa mambo ya afya ya akili, mwombe mtaalamu anayekufahamu kuliko yule atakayekuona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakikisha ripoti ina nembo ya hospitali, tarehe, sahihi, muhuri, na sifa za kitaaluma za aliyeiandika. Iwe kwa Kiingereza. Kama chuo chako kiliwahi kukupa nyongeza ya muda au maandishi makubwa, barua ya chuo inayosema hivyo ni kiambatisho chenye nguvu, kwa maana inaonyesha kwamba hitaji lako halikuzaliwa na mtihani huu.

Hatua ya tatu: soma barua ya idhini neno kwa neno, kisha panga saa

Idhini ikija, linganisha kilichoandikwa na ulichoomba. Kama uliomba mambo matatu na barua ina mawili, andika siku hiyo hiyo kuuliza. Chapisha nakala, na uandike pembeni kwa wino mzito namba ya kumbukumbu ya maombi yako.

Kuhusu saa, tafadhali usome taratibu. Mifumo hii huonyesha saa za kizungu, na mara nyingine kwa ukanda wa saa wa Marekani. Saa 14:00 ni saa nane mchana, na 9:00 ya asubuhi ni saa tatu. Mashariki ya Marekani, yaani New York na majirani zake, iko nyuma yetu kwa saa 7 kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba, na kwa saa 8 katika miezi iliyobaki, kwa kuwa wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Tarehe nayo Wamarekani huanza na mwezi: 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi. Nimemwona binti mwenye akili nyingi akijiandaa kwa mtihani wa saa mbili usiku ambao kumbe ulikuwa wa saa mbili asubuhi ya siku ile ile, na ada haikurudishwa.

Unapochagua muda, hesabu urefu wa mtihani wako na si wa kila mtu. GRE yenye nyongeza ya nusu inakaribia saa tatu, na yenye muda mara mbili inakaribia saa nne, bila kuhesabu ukaguzi wa mwanzo wala mapumziko. Ikiwa dawa zako zinakuletea usingizi mchana, au macho yako yanachoka jua likishapanda, chagua kwa kufuata mwili wako.

Hatua ya nne: chumba, umeme na intaneti

Kanuni za chumba zinafanana kwa mitihani mingi: chumba cha peke yako chenye mlango unaofungwa, meza tupu, hakuna mtu mwingine, hakuna sauti ya mtu, na si mahali pa umma kama mgahawa au maktaba iliyo wazi. Kwetu wengi tunaishi katika nyumba ambazo vyumba vya ndani vina pazia badala ya mlango, na pazia halitakubaliwa. Omba ofisi ya mwalimu inayofungwa kwa ufunguo, au chumba cha ndugu kule Kisasa au Ilazo, na ukakijaribu siku kadhaa kabla kwa saa ile ile ya mtihani ili ujue kelele zake.

Kelele za jogoo na za upepo si tatizo kubwa. Tatizo ni sauti ya mtu, na hasa sauti inayokutaka uijibu. Jirani akipiga hodi, au bibi wa Kigogo akisimama dirishani na salamu yake ya «Mbukwenyi», adabu tuliyolelewa nayo inatusukuma kuitika kabla hatujafikiri, na msimamizi ataandika kwamba mtahiniwa amezungumza na mtu. Mweke ndugu barazani muda wote, awaeleze wanaokuja, na majirani waambiwe jana yake. Kama ni kati ya Desemba na Aprili na nyumba haina dari, kumbuka kwamba mvua juu ya bati inaweza kuzima kabisa sehemu ya kusikiliza au ya kuzungumza. Chagua nyumba yenye dari.

Mwanga uwe mbele yako na si nyuma, kwa sababu dirisha lililo nyuma huufanya uso uwe kivuli na kamera ikashindwa kuutambua. Mwenye macho yasiyovumilia mwanga aelekeze taa ukutani mbele yake ili mwanga urudi ukiwa laini. Mimi hufanya hivyo na kamera hunikubali.

Umeme unastahili maandalizi mazito kuliko mahali pengine, kwa kuwa muda wako ni mrefu zaidi. Betri ya kompyuta inayomtosha mtu wa saa mbili haitakutosha wewe wa saa nne. Ichomoe na uipime kwa kutumia kamera na intaneti kwa pamoja, uone inakaa kwa muda gani. Kama haifikii, azima kompyuta nyingine au tafuta UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika. Wengi husahau kwamba umeme ukikatika ruta nayo inazimika hata kama kompyuta ina betri, kwa hiyo ruta iwe na chanzo chake cha akiba. Kutegemea intaneti ya simu ni hatari ya aina nyingine, maana simu kwa kawaida hairuhusiwi kuwa karibu nawe na ikipigiwa inaweza kukatisha mawasiliano. Kifaa kidogo cha intaneti chenye laini yake na betri yake ni bora, kikiwa na bando lililonunuliwa asubuhi hiyo. Angalia salio la LUKU pia.

Kitambulisho kiwe kile kilichotajwa na mtoa mtihani, kiwe hakijaisha muda, na majina yafuatane kama ulivyojisajili. Namba ya NIDA bila kadi yenyewe haitakusaidia mbele ya kamera. Pasi ya kusafiria ndiyo inayokubalika mahali pengi zaidi.

Hatua ya tano: jaribu mfumo kwa vifaa vile vile

Watoa mitihani wana jaribio la mfumo lisilo na malipo. Lifanye ukiwa kwenye chumba kile, kwa kompyuta ile na intaneti ile, na ukiwa umewasha kikuza-maandishi au kifaa chochote ulichoidhinishiwa. Kompyuta ya ofisini mara nyingi ina vizuizi vya usalama vitakavyoukataa mfumo, kwa hiyo tumia ya binafsi.

Siku yenyewe: mapokezi mbele ya kamera

Fungua mfumo mapema. Kwa mitihani ya Pearson VUE mapokezi huanza dakika 30 kabla ya saa ya miadi, na kuchelewa kidogo tu kunaweza kukupotezea mtihani na ada. Utapiga picha ya uso na ya kitambulisho, kisha utaonyesha chumba, ama kwa picha za pande zote nne au kwa kuizungusha kompyuta taratibu. Unaweza kuombwa kuonyesha chini ya meza, masikio, mikono na miwani. Ukaguzi huu unachosha na kwa wengine unaumiza heshima. Hata huko Marekani, Agosti 2022, mahakama ya shirikisho huko Ohio iliamua kwamba chuo kimoja cha umma kilikiuka katiba kilipokagua chumba cha mwanafunzi kwa kamera kabla ya mtihani. Lakini mbele ya msimamizi siku hiyo si mahali pa kubishania jambo hilo. Ondoa mapema kila kitu usichotaka mgeni akione, zikiwemo picha za familia, dawa zisizohusika na nyaraka za watu wengine.

Kama huwezi kuizungusha kompyuta kwa sababu ya mikono, au huwezi kusimama ili uonyeshe kiti, sema mara moja na upendekeze njia nyingine, kwa mfano kioo cha mkononi kinachosogezwa mbele ya kamera. Mitihani mingine inakataza karatasi ya kawaida na kuruhusu ubao mdogo mweupe wa kufutika. Mwenye uoni hafifu anunue kalamu yenye ncha nene na aijaribu jana yake.

Msimamizi anaweza kuzungumza Kiingereza kwa haraka na kwa lafudhi ambayo hujaizoea. Omba aandike. Na usidhani kwamba anajua chochote kuhusu marekebisho yako; mara nyingi anaona jina na picha yako tu, na taarifa nyingine iko kwenye dirisha ambalo hajalifungua. Mwandikie mwenyewe, kwa sentensi fupi, kwamba una idhini ya marekebisho, utaje moja baada ya jingine, na umpe namba ya kumbukumbu. Onyesha kila kifaa kilichoidhinishwa: dawa, chupa ya maji, kipima sukari, lenzi ya kukuzia.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza

Simama hapa. Tazama muda ulioonyeshwa kwenye skrini na uulinganishe na barua yako. Tazama kama maandishi yanakuzika na kama rangi ulizoomba zipo. Uliza mapumziko yanaombwaje, na kama saa itasimama. Ikiwa hata kimoja kinatofautiana na barua, usianze. Mwandikie msimamizi kwamba marekebisho yaliyoidhinishwa hayaonekani na kwamba unaomba akuunganishe na msimamizi wake au akupangie tarehe nyingine bila malipo. Atakuhimiza uanze, na pengine atakwambia kwamba muda utaongezwa baadaye. Usikubali kwa maneno ya mdomo. Mtihani uliopangwa upya baada ya wiki mbili ni afadhali mara nyingi kuliko alama zilizotoka katika muda usio wako, kwa kuwa alama hizo zikishatoka ni vigumu sana kuzifuta.

Wakati wa mtihani

Soma kimya bila kuchezesha midomo, isipokuwa kama umeidhinishiwa kusoma kwa sauti. Usitoke kwenye kamera bila ruhusa. Katika mapumziko, jua kwamba ukirudi unaweza kukaguliwa tena, na ukichelewa dakika moja unaweza kufungiwa, kwa hiyo njia ya kwenda chooni iwe wazi.

Msimamizi akikukatiza kwa jambo ambalo limo kwenye idhini yako, mathalani akikutaka usogeze uso mbali na skrini, jibu kwa maandishi, kwa upole, ukitaja namba ya kumbukumbu, na ukariri saa iliyokuwa kwenye skrini alipoanza kukukatiza. Utaihitaji baadaye.

Umeme au intaneti ikikatika, usifunge kompyuta wala usitoke chumbani. Subiri irudi, ingia tena kwa kiungo kile kile, na msimamizi atakupokea upya. Tatizo lilipo ni kwamba msimamizi huyu anaweza kuwa mwingine asiyejua lolote, kwa hiyo mweleze upya marekebisho yako kama ulivyofanya mwanzo, na utazame saa tena kabla ya kuendelea. Ukipatwa na kifafa, sukari ikishuka, au hofu ikakushika kiasi cha kushindwa kuendelea, afya yako itangulie. Aliye barazani awe ameelekezwa aingie akisikia ishara fulani, hata kama kuingia kwake kutasimamisha mtihani.

Baada ya mtihani

Kaa chini siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijachakaa, na uandike kilichotokea kwa mpangilio wa saa: ulipoingia, ulipoonyesha idhini, ulipokatizwa, umeme ulipokatika na uliporudi. Kama kuna kasoro, itume barua pepe usiku huo kwa kitengo cha marekebisho na si kwa huduma ya wateja pekee, ukiambatisha barua ya idhini. Malalamiko yana muda wake wa mwisho, na muda huo mara nyingi ni mfupi.

Matokeo ya watu wenye marekebisho wakati mwingine huchelewa kwa sababu video inapitiwa upya. Ipo mitihani, ule wa Kiingereza wa Duolingo ukiwa mmojawapo, ambayo haina msimamizi wa moja kwa moja kabisa. Hurekodiwa kwanza, kisha hupitiwa baadaye. Katika mitihani ya namna hiyo hakuna wa kumweleza kitu wakati wa mtihani, na maelezo yako yote yanategemea maombi uliyoyatuma kabla. Ukiambiwa kwamba mtihani umetiliwa shaka kwa sababu ya macho au mwendo wa mwili, omba kwa maandishi kwamba video ipitiwe na mtu aliyesoma faili lako la marekebisho, na utume tena ripoti ya daktari huku ukionyesha mstari unaoeleza mwendo huo. Kwa njia hiyo mdogo wangu mmoja, mwenye macho kama yangu, alirudishiwa matokeo yake baada ya siku 19.